MJAZWE: Neno Moja Ambalo Bado Lina Kazi Kwetu

Neno la leo ni refu kidogo. Weka chai karibu, fungua Biblia yako katika Waefeso 5, mstari wa 18 hadi wa 21, kisha usome polepole.

Nataka tutazame neno moja tu la Kigiriki, au Kiyunani kama wazee wetu walivyozoea kukiita. Neno lenyewe ni plērousthe. Litamke ple-rus-the. Katika Biblia ya Kiswahili unalikuta kama "mjazwe". Ni agizo la Paulo kwa kanisa: wasilewe mvinyo, bali wajazwe kwa Roho.

Sisi Wapentekoste tunalihubiri neno hili, tunalifungia na tunalikeshea. Lakini nasema kwa upendo: tunalipenda kuliko tunavyolisoma. Wengine tumeligeuza kuwa kumbukumbu ya zamani, wengine wameligeuza kuwa bidhaa ya kuuzwa, na wengine wamelikata kutoka kwa mistari inayolifuata, wakabaki na kujazwa ambako hakuvuki mlango wa nyumba. Maoni yangu ni kwamba sarufi ya neno hili inakataa yote matatu. Nitayatetea kwa Maandiko, nawe uyapime.

TUANZE NA KISWAHILI CHETU

Usiogope neno sarufi. Kama ulifundishwa mnyambuliko wa vitenzi shuleni, tayari una vifaa vya kutosha. Chukua kitenzi "jaa". Ukikinyambua unapata "jaza", kisha "jazwa". Sasa itazame "mjazwe". Ile M- ya mwanzo inasema ni ninyi, watu wengi. Lile shina katikati linasema kitu kinafanywa kijae. Ile -w- inasema ninyi mnatendwa, si ninyi mnaotenda. Na -e ya mwisho inasema hili ni agizo. Herufi sita tu, na mahubiri yote yamo humo.

Kigiriki kinafanya vivyo hivyo. Kitenzi cha msingi ni plēroō, yaani kujaza au kutimiza. Kile kipande cha mwisho, -sthe, kinaonyesha kwamba wanaoambiwa ni wengi na kwamba wanatendwa. Kiingereza, katika agizo kama hili, hakikuonyeshi kama anayeambiwa ni mtu mmoja au ni kanisa zima. Kiswahili kinakuonyesha. Mshukuru Mungu kwa lugha yako.

Mtu aliyesoma Kigiriki anaweza kuniambia: "Mchungaji, umbo hilo linaweza pia kusomwa kama habari tu, yaani mnajazwa." Ni kweli, umbo ni lile lile. Lakini tazama linalotangulia. Kabla yake kuna mē methyskesthe, "msilewe", na hilo mē ndilo kanusho ambalo Kigiriki hutumia kwa makatazo. Kisha linakuja neno alla, "bali". Katazo upande mmoja, agizo upande wa pili. Kwa hiyo Paulo haelezi hali yao, anawaamuru.

Na kama ni amri, basi kujazwa na Roho si jambo la watu wachache wenye wito maalum. Mama anayeuza mboga sokoni ameamriwa. Kijana wa bodaboda ameamriwa. Mzee wa kanisa ameamriwa. Mchungaji naye ameamriwa, tena awe wa kwanza.

KUJAZWA SI CHETI

Sasa lipo jambo moja ambalo "mjazwe" yetu hailibebi waziwazi. Plērousthe liko katika wakati uliopo, ule ambao Kigiriki hutumia kwa jambo linaloendelea au linalorudiwa.

Nisitie chumvi hapa. Kuna mafundisho yanayodai kwamba kila kitenzi cha wakati uliopo katika Kigiriki maana yake ni "bila kukoma". Sivyo. Muktadha ndio unaoamua. Lakini muktadha wa hapa uko wazi. Paulo anazungumzia mwenendo: jinsi ya kuenenda, jinsi ya kutumia wakati, jinsi ya kuyaelewa mapenzi ya Bwana. "Msilewe" haina maana ya "msilewe Ijumaa hii peke yake". Basi na "mjazwe" haiwezi kuwa ya usiku mmoja wa kesha.

Mlinganishe Paulo na Paulo mwenyewe. Katika Waefeso 1:13 anawaambia kwamba walipoamini walitiwa muhuri kwa Roho. Neno hapo ni esphragisthēte, nalo linatazama nyuma kwenye jambo lililokwisha kutendeka. Analirudia katika 4:30. Hakuna mahali katika barua hii anapowaagiza watiwe muhuri tena. Muhuri umekwisha kupigwa, wewe ni mali ya Bwana. Lakini kuhusu kujazwa, anaagiza, na anaagiza kwa wakati unaoendelea. Muhuri ni mmoja, kujazwa ni kwa kila siku.

Matendo ya Mitume wanasema hivyo hivyo. Petro alijazwa katika sura ya 2 pamoja na wenzake. Katika 4:8 anasimama mbele ya baraza, na Luka anasema tena kwamba alijazwa. Katika 4:31 wanaomba, mahali pale panatikisika, na wote wanajazwa. Kitenzi alichotumia Luka katika sehemu hizo tatu ni kimoja, jamaa wa karibu wa hiki chetu. Je, Petro alikuwa amepoteza wokovu kati ya sura ya 2 na ya 4? Hapana. Alikuwa na hitaji jipya, na Mungu alikuwa na ujazo mpya. Kisha nenda 13:52. Paulo na Barnaba wamefukuzwa Antiokia ya Pisidia, na wanafunzi waliobaki, Luka anasema, walikuwa wakijazwa furaha na Roho Mtakatifu. Hapo kitenzi ni plēroō chenyewe, tena katika umbo la kuendelea. Wahubiri wameondoka mjini, lakini kujazwa kunaendelea.

Na Efeso yenyewe je? Soma Matendo 19. Paulo aliwakuta huko wanafunzi wapatao 12. Aliwawekea mikono, Roho akawajia, wakanena kwa lugha na kutabiri. Huo ni ushuhuda wa Kipentekoste kamili! Hata hivyo, barua inayobeba jina la Waefeso, iliyotoka kwa Paulo akiwa kifungoni, haisemi "kumbukeni siku ile mlipojazwa". Inasema mjazwe. Kama siku ile ya kwanza ingetosha, amri hii ingekuwa ya nini?

Watu wa mitaa ambako maji huja kwa zamu wananielewa. Maji yakija, mtungi unapelekwa kwenye mfereji. Juma lijalo unapelekwa tena. Hakuna mama anayesimama mbele ya majirani akasema, "Mtungi wangu ulijaa mwaka wa 1998, tena ukafurika." Wangemwuliza tu: leo unapikia nini?

Mpendwa, ushuhuda wako wa 1998 ni wa kweli na siudharau. Lakini watoto wako hawaishi na wewe wa mwaka ule. Wanaishi na wewe wa leo jioni.

HAKUNA MUUZAJI WA ROHO

Sasa ile -w-, kauli ya kutendwa. Paulo hakusema "mjijaze". Hatuna uwezo huo. Kelele haijazi, jasho halijazi, kurukaruka hakujazi. Wala hakusema "mkajazwe na fulani".

Ni nani basi anayejaza? Mstari wenyewe haumtaji mtendaji, lakini barua inamjua. Katika 3:19 Paulo anapiga magoti mbele ya Baba, akiomba wafikie kujazwa utimilifu wote wa Mungu. Katika 4:10 ni Kristo aliyepaa ndiye anayevijaza vitu vyote. Kitenzi ni hiki hiki. Anayejaza yuko kwenye kiti cha enzi, hana wakala wa kukusanya malipo.

Nasema hivi kwa sababu kuna mama ambaye karo ya mtoto imemshinda, na bado anaambiwa apande mbegu ya kiasi fulani ndipo mtumishi amwekee mikono ajazwe. Ndugu zangu, jambo hilo limekwisha kuamuliwa. Matendo 8, Simoni wa Samaria alileta fedha akitaka kununua uwezo huo. Petro hakumpa namba ya kutumia pesa. Alimkemea kwa ukali, akamwambia atubu. Toa sadaka yako kwa furaha, saidia kazi ya Mungu, lakini usikubali mtu yeyote akuuzie agizo ambalo Mungu ametoa bure. Mungu hakuamuru jambo halafu akalifungia nyuma ya malipo.

Lakini kutendwa si kulala. Amri imetolewa kwetu, kwa hiyo tuna la kufanya. Katika Matendo 2:2 uvumi kama wa upepo uliijaza nyumba yote, na kitenzi hapo ni plēroō. Fikiria baharia wa Lamu. Hawezi kuutengeneza upepo. Hata akipuliza kwa mdomo mpaka azimie, jahazi haliendi. Ila anaweza kulipandisha tanga, na anaweza kukaza kamba. Akiacha tanga limekunjwa chini, upepo utavuma na yeye atabaki pale pale akilalamika.

Tanga lako ni nini? Ni maombi, Neno, toba, na kutomhuzunisha Roho. Ukisoma 4:30 hadi 31 utaona yanayomhuzunisha: uchungu, hasira, kelele, matukano. Ona kwamba hayo yote ni mambo ya mdomo na ya moyo, mengi yake yanatokea nyumbani, tena mlango ukiwa umefungwa.

HAPA NDIPO WENGI TUNAPOFUNGA BIBLIA

Katika Kigiriki, sentensi haiishii kwenye "mjazwe". Inaendelea hadi mstari wa 21. Baada ya plērousthe vinafuata vitenzi vitano vilivyoning'inia juu yake, vyote vya umbo ambalo Kiswahili hulieleza vizuri kwa -ki-. Visikilize:

Lalountes: mkisemezana kwa zaburi na tenzi.
Adontes: mkiimba.
Psallontes: mkimpigia Bwana sifa moyoni.
Eucharistountes: mkishukuru siku zote.
Hypotassomenoi: mkinyenyekeana.

Wataalamu wanajadiliana kama hivi vitano ni matokeo ya kujazwa au ni njia ya kujazwa. Kwangu mimi jambo moja halina mjadala: vimefungwa kwenye kujazwa. Huwezi kuchukua kitenzi kikuu ukaviacha hivi njiani. Mtu akisema "nimejazwa", Paulo anauliza: Je, unasemezana na ndugu zako vizuri? Unamwimbia Bwana? Unashukuru? Unanyenyekea?

Vinne vya kwanza tunavipenda. Kwaya ipo, vinanda vipo, shukrani zipo. Cha tano ndicho kinatutoa jasho. Kinatokana na hypotassō, kujipanga chini ya mwingine. Na Paulo ameongeza neno allēlois, ninyi kwa ninyi. Kigiriki kinahitaji neno zima kusema jambo ambalo sisi tunalisema kwa silabi mbili, -ana: mnyenyekeane. Na huwezi "kunyenyekeana" peke yako, wala haiwezi kuwa ya upande mmoja. Mtu mmoja akinyenyekea kila siku na mwingine akakanyaga kila siku, hapo hakuna -ana.

Sasa sikilizeni, hasa ndugu zangu wanaume. Mstari unaofuata, wa 22, ndio ule kuhusu wake na waume. Ndio mstari ambao hata mwanamume asiyejua Yohana 3:16 anaujua kwa kichwa. Je, unajua kwamba katika nakala mbili za zamani sana za barua hii, ile mafunjo inayoitwa P46 ya takriban mwaka 200, na Kodeksi Vaticanus ya karne ya 4, mstari huo hauna kitenzi? Unasema tu: wake kwa waume wao wenyewe, kama kwa Bwana. Kitenzi kinaazimwa kutoka mstari wa 21. Na mstari wa 21 umening'inia kwenye 18. Nakala nyingine ziliongeza kitenzi ili sentensi isimame yenyewe.

Maana yake ni hii: huwezi kufika mstari wa 22 bila kupitia 21, na huwezi kufika 21 bila kupitia 18. Unyenyekevu wa ndoa ya Kikristo unatoka katika nyumba ambayo wote wawili wanajazwa Roho na wote wawili wananyenyekeana. Mwanamume anayerukia 22 akiwa amepita juu ya 18 na 21 ameiba kipande cha sentensi.

Kisha msome 25. Mume hakuagizwa "mtiishe mke wako". Kitenzi hicho hakimo. Ameagizwa agapate, mpendeni, nalo pia liko katika wakati uliopo unaoendelea, na kipimo chake ni Kristo aliyejitoa mwenyewe kwa ajili ya kanisa. Maagizo kwa wake yanachukua mistari mitatu. Kuanzia 25 hadi 33 karibu yote ni ya waume. Kama ni suala la nani amepewa kazi nyingi, hesabu mwenyewe.

Nimeketi na wanandoa wengi kiasi cha kutosha kujua kwamba kuna nyumba ambamo mume ananena kwa lugha alfajiri na kumpiga mke usiku. Na mke akija kulia, anaambiwa na watu wa kanisa arudi, akanyenyekee zaidi, aombe zaidi. Wapendwa, hiyo si Waefeso 5. Mkono unaompiga mke hautimizi neno hata moja kati ya haya tuliyosoma. Paulo anaweka ulevi upande mmoja na Roho upande mwingine. Mtu anayewatia hofu watu wa nyumba yake anafanya kazi ya ulevi hata kama hajaonja tone la chang'aa.

Dada, kama unapigwa, kutafuta usalama si uasi. Mwambie mtu unayemwamini. Piga simu 1195, ni ya bure. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya ulinzi dhidi ya dhuluma za nyumbani iko upande wako, na mchungaji anayelijua Neno naye anapaswa kuwa upande wako.

Wala sentensi haiishii chumba cha kulala. Endelea na sura ya 6: watoto na wazazi, na akina baba wanaambiwa wasiwachokoze watoto wao. Watumwa na mabwana, na mabwana wanaambiwa waache vitisho. Leo hatuna watumwa, lakini tuna dada wa kazi nyumbani na vijana tuliowaajiri dukani. Mwulize dada wa kazi kama bosi wake amejazwa Roho. Yeye ndiye anayejua.

"MCHUNGAJI, UNAPUNGUZA PENTEKOSTE?"

Najua atakayeuliza. Hapana. Ninaamini kunena kwa lugha, na ninanena. Paulo mwenyewe alimshukuru Mungu kwamba alinena kwa lugha kuliko Wakorintho wote. Siondoi hata nukta. Ninachosema ni kwamba Roho yule yule anayeufungua ulimi wetu madhabahuni anataka pia kuutawala ulimi huo mezani. Katika Matendo 6:3, mitume walipotaka watu wa kugawa chakula kwa wajane, walitaka watu waliojaa Roho. Chakula, wapendwa! Kugawa ugali bila upendeleo kulihitaji ujazo wa Roho.

Na mwingine atasema ninaleta mambo ya kisasa ndani ya ndoa. Mstari wa 21 una umri wa karibu miaka 2000. Sijaufuta wa 22. Nimekataa tu kuusoma ukiwa yatima.

Basi juma hili tufanye hivi. Kila asubuhi, kabla ya kushika simu, omba kwa neno hili moja: "Bwana, nijaze leo." Jioni, usijiulize kama ulisikia msisimko. Pitia vile vitano: nilisemezana vipi na watu, nilimwimbia Bwana, nilishukuru, moyo wangu ulikuwa wapi, nilimnyenyekea nani? Na kama una ujasiri, mwulize mwenzi wako akujibu badala yako. Kisha kesho yake, peleka mtungi tena.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa muhuri ambao hautafutika. Leo tunapandisha tanga. Tujaze sisi sote, si mchungaji peke yake. Ujaze midomo yetu, mikono yetu na nyumba zetu. Waliojeruhiwa na watu waliolitaja jina lako, wape kimbilio na haki. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama neno hili limekufikia, andika "Nijaze leo", kisha umtumie mtu mmoja anayelihitaji. Mbarikiwe sana. Tuonane Jumatano kwenye maombi.